Bwana Nyuki Aliyedaiwa Wimbo

Baba Paroko, wazee wetu, viongozi wa kijiji na kata, ndugu na majirani mliofika hapa Titye leo Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum, na kwenu nyote kwa pamoja, kwa Kiha chetu, mwakeye. Mimi naitwa Evaline Pasikali, mjukuu wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, na walionipa walijua wanachokifanya, kwa kuwa mjukuu ni mtani wa babu yake hata akiwa ndani ya jeneza. Kwa hiyo mkinisikia nacheka katikati ya kusoma msinishangae, nimelia tangu Jumanne, na leo asubuhi limetokea jambo lililonikausha machozi yote. Mtaona pia kwamba mshumaa mmoja, ule wa kichwani pa jeneza, unatoa moshi kuliko wenzake, tunawaomba asiuzime mtu, si mbovu, nitaueleza wakati wake ukifika.

Marehemu Mzee Dionis Ndihokubwayo alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1944 hapa hapa Titye, mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Pasikali Ndayisaba na Bibi Jeanne, aliyeolewa huku akitokea upande wa Burundi. Baba yake alikuwa mlina asali, mizinga yake ya magome ilitundikwa kwenye miti ya msitu wa Kagerankanda, na inasemekana mtoto huyu alilambishwa asali kabla ya kuonjeshwa uji, jambo ambalo bibi zetu walilitumia kueleza kila alichokifanya baadaye, kizuri na kibaya.

Alianza shule ya msingi hapa Titye Januari 1953, akaendelea na shule ya kati Kasulu kuanzia mwaka 1957 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1960, na huko ndiko alikojiunga na kwaya ya parokia, akadumu wiki tatu, kisha mwalimu wa kwaya, kwa upole mkubwa, akamwomba awe mbebaji wa vitabu vya nyimbo. Babu alikuwa na sauti mbaya, hakuna namna ya kulisema hilo kwa adabu zaidi, na naomba mlishike vizuri kwa sababu tutalirudia. Mwaka 1964 alichaguliwa kwenda Tabora kusomea ufugaji wa nyuki, akahitimu Desemba 1965, na tarehe 1 Julai 1966 akaajiriwa serikalini na kupangiwa Wilaya ya Kibondo, ambako jina lake lilisahaulika kabisa, wakubwa kwa wadogo wakamwita Bwana Nyuki.

Tarehe 28 Desemba 1968, katika parokia ya Kasulu, alifunga ndoa na bibi yetu mpendwa, Ernesta, ambaye mnamwona hapa mbele. Alikwenda kuposa na debe la asali, hakulifunga vizuri, nyuki wakamsindikiza hadi ukweni, na wazee wa upande wa Bibi walikubali haraka ili aondoke nao. Mungu aliwajalia watoto watano, wa kwanza akiwa baba yangu Pasikali, wote wako hapa, pamoja na wajukuu kumi na tisa na vitukuu sita.

Sasa nafika kwenye siku ambayo babu mwenyewe aliita siku yake ya kuzaliwa mara ya pili, nayo ni tarehe 9 Juni 1971, huko Kumsenga, Kibondo. Alikwenda kukusanya nta ya wafugaji kwa niaba ya chama cha ushirika, akatandika meza yake kwenye baraza ya duka la Bi. Siti binti Haidari, akabandika pipa la kuyeyushia nyuma ya duka, na watu wakawa wanaleta nta zao, naye anazipokea mojamoja, anazinusa, anazikwaruza kwa ukucha, anazing'ata kidogo kwa jino la mbele kama alivyofundishwa Tabora, anazipanga daraja, kisha zinaingia pipani. Katikati ya shughuli hiyo binti wa Bi. Siti, Bi. Mwanahawa, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, aliweka mezani sahani mbili ndogo za rangi ya kahawia zenye ukungu mweupe, akasema mama anaomba Bwana Nyuki azitazame, akarudi ndani kumwita. Babu akazitazama, akazinusa, akazikwaruza, akazing'ata, akatamka kwa sauti ya serikali kwamba hii ni nta ya zamani, safi, daraja la kwanza, akazitia pipani. Bi. Siti alipotoka ndani alikuwa amebeba kidude cha bati chenye pembe iliyofunguka kama ua la boga, na ufunguo pembeni kama wa saa ya mezani, anataka kumuuliza mtaalamu wa nta ni namna gani atautoa ule ukungu bila kuharibu nyimbo.

Ndugu waombolezaji, kile kidude kilikuwa santuri ya kuchezea watoto, ya Kijerumani, na zile sahani ndizo zilizokuwa zikiimba. Baba yake Bi. Siti, Mzee Haidari, mtu wa Pangani, alikuwa mpishi wa Mjerumani mmoja pale Kasulu, na Mjerumani alipoondoka wakati wa vita ya kwanza alimwachia yule binti wa mpishi kisanturi cha mwanawe. Siti alikitunza tangu utoto hadi ujane, alikipiga mara moja tu kila Idi ili sahani zisichakae, watoto wa Kumsenga wakikaa uani kimya kusikiliza, na wimbo ulipokwisha aliufunga kwenye kitambaa hadi Idi nyingine. Babu alikimbilia pipani na upawa, akakoroga nta ya kata nzima akitafuta nyimbo, na Bi. Mwanahawa amenisimulia kwamba mama yake hakupiga kelele, alikaa tu kwenye kigoda akamtazama anavyokoroga.

Alijaribu kulipa kwa njia wanazolipa watu, akapeleka mbuzi, akapeleka asali, akapeleka kitenge alichochaguliwa na Bibi Ernesta, na Bi. Siti alirudisha vyote kwa heshima, akisema alimpa wimbo na anachodai ni wimbo, hataki faida juu yake. Akamkabidhi kile kisanturi akae nacho, siku kikiimba tena akirudishe. Hapo ndipo deni lilipoanza, na wote mnajua lilivyo zito deni msibani, hata leo kabla ya kushusha jeneza tutauliza nani anamdai marehemu, na babu yangu aliishi miaka hamsini na nne akijua jibu la swali hilo.

Basi akaanza kutafuta. Mwanzoni alitafuta sahani tu, lakini sahani hazipatikani bila visanturi vyake, na kisanturi ukikishika mkononi, bati lake limechorwa watoto wanaocheza na mabata na treni zenye moshi, ukazungusha ufunguo, ukasikia ile sauti ndogo kama ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, humwachii mtu. Ugonjwa huo ulimshika babu, akatuambukiza nyumba nzima. Cha kwanza alikipata mwaka 1974 kwa msaada wa rafiki yake wa maisha, Mwalimu Lusajo, Mnyakyusa aliyepangiwa kufundisha Kasulu, ambaye alikwenda likizo kwao Tukuyu akarudi na kisanturi chekundu alichokikuta kwa mjane mmoja, kuku wakilalia mayai ndani yake. Babu alilia, Mwalimu Lusajo naye akalia bila kujua wanalia nini, na kisanturi kikapewa jina la Tukuyu.

Baada ya hapo kikaja cha Ujiji, kilichokuwa kwenye stoo ya muuza vitambaa, halafu cha Lushoto, alichokwenda kukifuata kwa mabasi na kurudi amevimba miguu, akisema ni uchovu mtamu. Kile cha Tabora kina kesi na mama yangu, kwa sababu babu alikifuata wiki ya harusi yake na baba, mwaka 1993, treni ikachelewa, na baba mzazi wa bwana harusi aliingia ukumbini watu wanakata keki, amekumbatia kikapu kilichofunikwa kanga, mama akadhani ni zawadi yake. Kilipofunguliwa na kuimba polka, ngoma ya Kijerumani, wazee wa Kasulu walicheza, mama alicheza pia, lakini kesi hajaifuta. Cha mwisho kilikuwa cha Gitega, cha bluu, kilichovushwa na Mzee Niyongabo, fundi saa aliyekuja kwenye kambi ya wakimbizi na familia yake, ambaye alikimbia vita akiacha kitanda na kabati akabeba kisanturi, na babu alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba kabati haliimbi. Wakawa ndugu tangu siku hiyo. Chumba cha visanturi babu alikiita mzinga, na alimwambia Bibi Ernesta kwamba kila mzinga una malkia mmoja naye ndiye, lakini Bibi alikuwa na msimamo wake, kwamba amekaa na mwanamume anayekusanya bati lisiloweza kuezeka hata banda la kuku, na katika miaka yote hiyo hakugusa kisanturi hata kimoja.

Lakini deni halikusogea. Sindano ya kile kisanturi cha Kumsenga husoma kwa kupanda na kushuka, kama mtu anayekatisha matuta ya viazi, wakati sahani za vile vingine zote zimechimbwa kwa kuyumba kushoto na kulia, kwa hiyo kila sahani aliyoileta kwa furaha ilitoa kelele za kukwaruza tu. Aprili 1983 Bi. Siti aliugua sana, babu akapanda lori la mahindi na visanturi vya Tukuyu na Ujiji magotini, akampigia vyote kitandani, mama yule akasikiliza hadi mwisho kwa adabu, akasema ni nyimbo nzuri, ila ni za watu wengine. Siku zilizofuata alimfundisha binti yake, Bi. Mwanahawa, ule wimbo wake kwa mdomo, sauti na maneno ya Kijerumani kama sikio la mtoto lilivyoyashika, ili siku mali ikirudishwa mdai aitambue. Alifariki tarehe 2 Mei 1983, na deni likahamia kwa binti.

Babu alistaafu tarehe 3 Oktoba 2004, akarudi Titye, na utafutaji ukaendelea kwa pensheni na kwa maneno matamu. Mwaka 2011 Mwalimu Lusajo alitafuta kwenye mtandao akaiona picha ya kisanturi cha aina ile ile ya Kumsenga, na chini yake imeelezwa kwamba wenye kukitengeneza waliuza pia sahani za chokoleti, mtoto wa Kijerumani anapiga wimbo wake, ukimchosha anautafuna. Babu alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, akasema kumbe wenyewe walizila, yeye ameziyeyusha tu. Halafu akainuka, akatoka kwenda kutazama mizinga yake, na aliporudi alisema amekuwa mjinga miaka arobaini, anazunguka nchi nzima kutafuta sahani za nta, naye ni bwana nyuki.

Hapo ndipo zilipoanza zile kelele, majirani zetu. Mliokuja kuuliza kwa upole kama mzee amerukwa na akili, leo mpate jibu. Alikuwa anayeyusha nta ya Kagerankanda, anaichanganya na ulimbo wa miti na sabuni ili iwe ngumu, anaimimina iwe sahani, anaiweka kwenye kisanturi cha Kumsenga na sindano kali juu yake, Mzee Niyongabo anavuta mkono wa sindano kwa uzi polepole, na babu anapiga kelele ndani ya pembe, ili sindano ilime wimbo ndani ya nta. Miaka ilikwenda, nta ikawa laini mno, ikapasuka, ikaliwa na panya, ikayeyuka kwa jua la saa sita. Mwaka 2023 ilipokubali kushika sauti, alikwenda Kibondo mbio kumwomba Bi. Mwanahawa auimbe wimbo wa mama yake ndani ya pembe, na Bi. Mwanahawa, akiwa na miaka sabini na minane na miguu mibovu, akamjibu kwamba hajawahi kuona mdai anayejilipa, aliyeyeyusha ndiye ataimba.

Hebu mfikirieni mtu huyu, aliyetolewa kwenye kwaya kwa upole, katika umri wa miaka sabini na tisa, anakwenda Kibondo kila Jumamosi kufundishwa wimbo wa kitoto wa lugha asiyoijua, na mwalimu anayemkatiza kila mstari. Bi. Mwanahawa aliniambia kwamba alianza kumfundisha kwa hasira na akaendelea kwa kuwa Jumamosi bila yeye ilikuwa ndefu. Mimi nilimsikia babu akifanya mazoezi migombani, na ninasema mbele ya jeneza lake kwamba ndege walihama.

Novemba 2024 alianza kuumwa tumbo, akatibiwa Kasulu, akapelekwa Mwanza Februari 2025, akagundulika kuwa na saratani ya ini, na mwezi Juni madaktari walituruhusu turudi naye nyumbani akae na watu wake. Pumzi ilimpungukia, na hofu yetu sote ikawa moja, kwamba deni litamshinda. Asubuhi ya tarehe 27 Julai, kwa ile baridi ya Titye inayoigandisha nta vizuri, alisema tumpeleke uani na kiti chake, akaimba ndani ya pembe kwa sauti yote iliyobaki, Mzee Niyongabo akavuta uzi, na sahani ilipojaa akakataza mtu yeyote asiipige, kwa sababu nta ya nyuki ni laini, sindano ikipita mara moja inaondoka na wimbo. Ilikuwa ya Bi. Mwanahawa peke yake, na safari ya Kibondo ilipangwa Jumamosi ya keshokutwa. Jumanne tarehe 12 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, Bwana amemtwaa, Bibi Ernesta akiwa amemshika mkono.

Nilisema limetokea jambo leo asubuhi. Bi. Mwanahawa alifika kutoka Kibondo kwa gari la mwanawe Tamimu, akaomba apelekwe kwanza kwa mdaiwa wake, tukaweka kisanturi cha Kumsenga na sahani yake juu ya kiti karibu na jeneza, na sisi wote tukaogopa kukipiga. Aliyeinuka ni Bibi Ernesta. Mwanamke huyu ambaye hakuwahi kugusa bati lile hata siku moja, alizungusha ufunguo taratibu mpaka ukakaza, akashusha sindano pale pale unapoanzia wimbo, nasi tukajua kwamba miaka yote alikuwa anamtazama mumewe kwa makini kuliko tulivyodhani.

Kiliimba. Kwanza tulisikia kukwaruza, halafu sauti ya babu ikatoka kwenye ile pembe, ndogo, mbaya, haina aibu, katikati akakohoa, akaomba radhi kwa Kiswahili, akaendelea, na mstari wa mwisho ulipokuwa unaanza sahani ikaisha. Bi. Mwanahawa, amefumba macho, akaumalizia ule mstari kwa mdomo wake mwenyewe, kisha akasema mbele ya familia, mbele ya Sheikh Nurudini aliyefuatana naye na mbele ya Baba Paroko, kwamba deni la Siti binti Haidari limelipwa, tena lilizidi kidogo, ndiyo maana ameimba yeye, alikuwa anarudisha chenji. Tulicheka sote kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Tulirudia kuipiga, ikatoa mvumo mtupu, sindano ilikuwa imeshaubeba wimbo. Nikaifunga sahani kwenye kitambaa nimpe Bi. Mwanahawa aende nayo, yeye akainuka nayo moja kwa moja hadi jikoni, akaomba sufuria, akaiyeyusha, mimi nikapiga yowe ambalo baadhi yenu mlilisikia, akavuta uzi wa pamba, akamimina kwenye kikombe, akasubiri igande, akarudi akaiwasha kichwani pa marehemu. Alisema Dionis aliyeyusha wake, naye ameyeyusha wa Dionis, sasa wako sawa. Ndio huo mshumaa, ndugu zangu, unatoa moshi kwa sababu ya ulimbo na sabuni, na mwacheni babu afuke.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kasulu na Mwanza waliompunguzia maumivu, walina asali wa Kagerankanda walioleta nta bila kuuliza ni ya nini, watumishi wenzake wa zamani wa idara ya nyuki, Mwalimu Lusajo aliyechimba kaburi kwa mikono yake ingawa tulimkataza, Mzee Niyongabo, kwaya ya parokia iliyokubali leo kumwimbia mtu iliyemtoa, na ninyi majirani kwa kuvumilia kelele. Visanturi vya Tukuyu, Ujiji, Lushoto, Tabora na Gitega vitabaki mzingani chini ya uangalizi wa malkia wake, na kile cha Kumsenga kinarudi Kibondo jioni hii, magotini mwa mwenyewe.

Kama ilivyo desturi, nauliza kama yupo mwingine anayemdai marehemu, ajitokeze kwa familia kabla jua halijazama. Deni lile kubwa tulilolijua limelipwa, mashahidi wake nimewataja. Pumzika kwa amani, Babu Dionis. Hudaiwi.